Mstari Tulioushusha kwa Raba

Mwezi uliopita, ninyi watu wa takwimu, mlinialika ofisini kwenu, mkaniketisha kwenye kiti kinachozunguka, mkaniwashia kompyuta na kunionyesha mchoro wa rangi tatu. Mstari wake, mlisema, ni wa watu waliokufa Kisumu na sehemu za kandokando ya ziwa kwa sababu zisizojulikana, wangapi katika kila watu elfu, mwaka baada ya mwaka. Mkanionyesha mahali mstari unapotumbukia ghafla, mwishoni mwa miaka ya themanini, ukakaa chini miaka miwili, kisha ukapanda tena. Msichana mmoja wenu mwenye miwani akaniambia kwa heshima zote, akiniita bibi kwa Kijaluo, "Dani, hapa mlifanya kazi poa sana. Tunataka kuandika vile mliifanya, ndio wengine waige."

Nilikunywa chai yenu nikanyamaza. Msidhani ilikuwa unyenyekevu. Lile bonde mnalolisifu nililichimba mimi mwenyewe, kwa raba ya shule, ile ya rangi mbili inayouzwa madukani pamoja na penseli. Chini yake kuna watu, na mmoja wao nilimfukia kwa mkono wangu huku babu yake akinitazama. Ndiyo maana nimevaa miwani yangu na kuandika. Someni mpaka mwisho kabla hamjachapisha upuuzi wenu.

Naitwa Perez, ingawa kazini waliniita Nyar Kano, kwa kuwa ni binti wa Kano. Nilikuwa karani wa vifo. Watu wakisikia hivyo husogeza kiti, kama kwamba ni mimi niliyekuwa nikiwaua. Kazi yangu ilikuwa kuandika tu. Mtu akifia nyumbani, naibu wa chifu wa kata ndogo yake alijaza fomu yenye karatasi ya kaboni chini yake. Fomu yenyewe ilikuja kwetu Kisumu, nakala ya kaboni ikabaki kitabuni kwake. Sisi tuliihamisha kwenye buku kubwa lililokuwa zito kama mlango. Kila marehemu alipewa mstari wake, na katika mstari huo tukaweka alama ya vema chini ya safu moja: malaria, kifua, kuhara, surua, uzazi, ajali na nyinginezo, mpaka ile ya mwisho kabisa pembeni iliyoandikwa Haijulikani. Mwaka mzima tuliandika kwa penseli. Januari tulipitisha wino juu ya penseli, na hapo mwaka ukawa umefungwa.

Ninyi mnadhani takwimu hutoka mbinguni zikiwa zimeoga. Mngeziona zilivyokuwa zikiingia mlangoni kwetu. Kulikuwa na naibu mmoja ambaye kila marehemu wake, awe mtoto au ajuza, alikufa kwa sababu moja: "Pumzi iliisha." Nilipomwandikia barua kumwomba aeleze zaidi, alijibu kwamba alikuwa ameuliza familia zote na zote zilithibitisha. Mwingine aliandika "Mungu." Mwingine, wa upande wa Awasi, alijaza fomu zote siku ya soko kwa kuwa ndiyo siku aliyopata meza ya kuegemea, na alikuwa mvivu wa kuuliza tarehe, basi watu wake wote walikufa siku ya soko. Miaka mingi baadaye bwana mmoja msomi alikuja kuniuliza kama kuna ugonjwa unaoenezwa sokoni kule Awasi. Nilimwambia upo, unaitwa uvivu.

Bora hao kuliko yule aliyetuletea mwaka mzima bila kifo hata kimoja. Hakuwa na hata alama moja ya Haijulikani, na wakubwa walimpigia makofi kwenye mkutano. Nilipanda basi nikaenda kumtembelea. Kutoka kituoni Kombewa mpaka nyumbani kwake nilipita matanga mawili, na kwenye matanga ya pili nilimkuta yeye mwenyewe amekaa mbele kabisa akila nyama. Aliniambia fomu zilikuwa zimemwishia tangu mwaka jana na aliona si vizuri kusumbua ofisi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa karani mkuu, Bwana Wanyama, mtu wa Bungoma, mrefu, mkali, mwenye mkebe wa ugoro mfukoni. Mwaka wangu wa kwanza nililinganisha mwaka ule na uliotangulia nikaona katika kata ndogo moja vifo visivyojulikana vimeongezeka maradufu. Nilimkimbilia nikihema. Nilijiona nimegundua tauni.

"Huko nani amestaafu?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Amestaafu wapi, Bwana?"

"Wewe uliza kwanza. Naibu wa pale ni yule wa zamani ama ni mpya?"

Nikauliza. Yule wa zamani, aliyekuwa akiandika malaria kwa kila mtu ili awahi kwenda kwenye pombe ya busaa, alikuwa amestaafu. Mpya alikuwa mwalimu wa zamani, mtu mkweli, asiyeandika asichokijua. Hakuna hata mtu mmoja aliyekufa zaidi kuliko kawaida. Bwana Wanyama alivuta ugoro, akapiga chafya, akaniambia, "Kabla ujiulize watu wamekufa na nini, jiulize nani alishika kalamu. Na usiogope hiyo safu ya mwisho. Haijulikani ni jibu. Ni jibu ya mtu hajadanganya."

Alinifundisha pia kitu ambacho kompyuta yenu haikuwafundisha. Chora kila mwaka kwenye karatasi yake ya miraba, mwezi kwa mwezi, kwa kipimo kilekile, na usisahau kugawanya kwa idadi ya watu, kwa sababu kata ndogo yenye watu wengi lazima itazika wengi. Kisha chukua miaka miwili, ibandike mmoja juu ya mwingine kwenye kioo cha dirisha jua likiwa nje, utazame mistari inapoachana. Inapoachana ndipo pa kwenda kuuliza. Nilisimama kwenye dirisha lile miaka na miaka mpaka wapita njia wakadhani nina kichaa.

Ni kwenye dirisha hilo nilipokiona kile kinundu.

Kulikuwa na naibu wa chifu katika upande wa Seme, kijiji cha karibu na maji ambacho sitakitaja kwa jina, aliyeitwa Mzee Obiero. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mwandiko wa shule ya misheni, na kila mwisho wa mwezi alileta fomu zake mwenyewe, zimekunjwa ndani ya gazeti ili zisipate vumbi. Katika kata ndogo zote ndiye aliyeongoza kwa kuandika "Sijui." Lakini hakuishia hapo. Chini ya Sijui aliandika alichokiona: alikohoa kwa muda gani, alivimba wapi, alikula nini mara ya mwisho, nani mwingine aliugua nyumba ile. Nafasi ya fomu haikumtosha, akawa anaandika mpaka pembeni. Sisi makarani tulimcheka. Tulisema Mzee anaandika barua kwa marehemu.

Nilipobandika miaka yake miwili dirishani, mistari ya Haijulikani ilitembea pamoja vizuri, kisha Juni na Julai yote miwili ikanyanyuka mahali palepale, kama goti ndani ya blanketi. Nikatafuta mwaka wa tatu. Nao ulikuwa na goti. Nikachukua kata ndogo jirani, hazikuwa nalo. Kalamu ilikuwa ileile ya Mzee Obiero mwaka mzima, kwa hiyo jibu la Bwana Wanyama halikutosha, na Bwana Wanyama mwenyewe alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao. Nilianza kuandika ripoti. Niliandika ukurasa mmoja na nusu.

Hapo ndipo alipokuja mkubwa mpya. Sisi tulimwita Bwana Asilimia, na hakuwahi kujua. Alikuwa amefanya kozi ya wiki kadhaa Nairobi, akarudi na mkoba mweusi na neno moja la Kiingereza, percent. Siku ya kwanza alifungua buku kubwa, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho, akatutazama kama kwamba tumejisaidia mle ndani.

"Hii unknown yenu inaniaibisha," akasema. "Wilaya zingine wako chini. Sisi ndio tunaongoza. Serikali haiwezi kuwa haijui watu wake wanakufa na nini."

Nilimwambia kwamba kwa kweli haijui. Akaniuliza jina langu na kuliandika.

Amri yake ilikuwa fupi. Fomu yenye Sijui isipokelewe tena. Zile ambazo zimeshapokelewa mwaka huo karani azisome "kwa busara" na kuzipeleka kwenye safu inayofaa. Mwenye homa, malaria. Aliyekohoa, kifua. Asiye na homa wala kikohozi, naye malaria, kwa sababu hapa ni ziwani na mbu wapo. Alinikabidhi raba mwenyewe, mpya, kana kwamba ananipa kikombe cha ushindi.

Na mimi nilifanya nini? Msinitafutie ushujaa. Niliichukua raba. Nilikaa chini kuanzia Januari ya mwaka ule nikafuta alama za vema kwenye safu ya mwisho, moja baada ya nyingine, nikapuliza uchafu wa raba, nikaweka alama mpya chini ya malaria. Kinundu cha Mzee Obiero kilihamia kwenye malaria na kupotea kabisa, kwa kuwa Juni na Julai, baada ya mvua ndefu, malaria huwa nyingi hata hivyo. Ripoti yangu ya ukurasa mmoja na nusu niliifungia vitumbua.

Manaibu wa chifu ni watu werevu. Walielewa upesi kuliko mbuzi anavyojua mlango wa jikoni. Walianza kuniuliza dirishani, "Madam, ni gani inakubaliwa mwezi huu?" Nami nawajibu. Mwisho wa mwaka Bwana Asilimia alichora mstari wake kwa kalamu nene, ukashuka vizuri sana, akaubeba kwenye semina. Alirudi na cheti chenye fremu. Wataalamu wazima, wenye digrii, waliutazama mstari ule wakamwuliza ametumia mbinu gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza malaria imepanda kwa nini. Mbu wetu walikuwa wameajiriwa na serikali, na hakuna aliyeliona.

Mzee Obiero peke yake hakuelewa, au alielewa akakataa. Aliendelea kuleta Sijui. Alipewa barua ya onyo, akaikunja ndani ya gazeti lilelile akaenda nayo. Mwezi uliofuata akaleta Sijui.

Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa pili wa lile bonde. Alifika asubuhi, akasimama dirishani kwangu. Alikuwa amevaa koti lake la kazi lakini hakuwa amelifunga vifungo. Hakunisalimia, na Mzee Obiero alikuwa mtu wa kumwuliza mtu habari za mpaka ng'ombe wake. Alisukuma fomu moja tu. Niliisoma. *Akoth. Msichana. Miaka sita. Sijui.* Chini yake, kwa mwandiko ule wa misheni: *Aliamka mzima. Alibeba uji shambani, akanywa na wengine. Jasho, mate mengi, tumbo. Macho, ile nyeusi ya katikati ikawa ndogo kama tundu ya sindano. Hakuwa na homa. Jua halijafika katikati.* Na mahali pa jina la anayetoa habari: *Babu yake,* na sahihi yake.

Bwana Asilimia alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliichukua fomu, akaisoma mpaka kwenye Sijui tu, akairudisha.

"Mzee, hii tumeongea. Madam, mwandikie malaria aende."

"Mkubwa, hakuwa na joto," Mzee Obiero akasema. "Nilimshika mwenyewe."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi si daktari. Ndio maana nimeandika sijui."

"Madam."

Nikachukua penseli. Niliandika jina la Akoth kwenye mstari wake, na chini ya malaria nikaweka alama. Haikunichukua hata muda wa kumeza mate. Bwana Asilimia akaenda zake. Mzee Obiero alikuwa bado ananitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nyar Kano," akasema, "malaria mnaijua. Sasa nani atatoka hapa Kisumu kuja kutafuta kitu mnajua?"

Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akaondoka. Nilimsikia akimwambia askari wa lango kwaheri.

Siku ile sikula. Sisemi hivyo ili mnihurumie, maana Akoth hatakula tena kamwe, na tumbo langu la siku moja halimfai kitu. Nasema ili mjue hata mpumbavu huwa na mahali anapofika akashindwa kupita. Jumamosi nilipanda basi mpaka Kombewa, nikatembea kwenda chini ziwani, nikamkuta Mzee Obiero ameketi mbele ya nyumba yake. Hakuniuliza nimefuata nini. Nilimwambia, "Jaduong', mzee wangu, nisamehe. Naomba kuona vitabu vyako vya kaboni."

Alivitoa vyote, tangu siku alipoanza kazi. Mke wake, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, alituletea ungo wa mahindi. Tulikaa mezani. Kwa kila mwaka tuliweka safu ya miezi kumi na miwili kwa chaki juu ya mbao, na kila Sijui tuliiwekea punje moja ya hindi kwenye mwezi wake. Mzee alikuwa akisoma jina, mimi naweka punje. Hakuruka hata jina moja. Tulipofika kwa Akoth aliiweka punje mwenyewe.

Tulipomaliza tulisimama kutazama. Juni na Julai zilikuwa na rundo kila mwaka. Mwaka wa raba ulikuwa nalo, na ule wa pili tuliokuwa ndani yake ulikuwa nalo kubwa zaidi. Kule ofisini mstari ulikuwa umeshuka, wakubwa wamepewa fremu, lakini mezani kwa Mzee Obiero hakukuwa na bonde lolote. Tulisoma tena maneno ya pembeni ya zile za Juni na Julai peke yake: mate mengi, jasho, macho, wote walikunywa pamoja, ghafla. Zile za miezi mingine hazikuwa na maneno hayo. Majirani, kwa kuwa serikali iliwaambia malaria na wao waliona kwa macho yao si malaria, walikuwa wamepata jibu lao wenyewe: walimfukuza mjane mmoja mpika uji kwamba ni mchawi. Hivyo ndivyo watu hujaza safu ambayo karani ameifuta.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilibeba vile vitabu mpaka kwa daktari mmoja kijana aliyefanya kazi upande ule, mtu mwenye haraka, aliyenipa dakika tano akiwa amesimama. Alisoma kuhusu macho, akakaa chini.

"Huko watu wanalima nini?"

"Mahindi, mtama. Pamba."

"Pamba wananyunyizia dawa lini?"

Mzee Obiero, aliyekuwa amekuja nami, akamjibu polepole, "Mwezi wa sita na wa saba."

Tulikwenda watatu. Daktari hakuuliza habari za ugonjwa tena. Aliomba aonyeshwe uji wa shambani ulibebwa ndani ya nini. Mkwe wa Mzee, mama yake Akoth, akaleta mtungi mdogo wa plastiki, mzuri, wenye kifuniko cha kufunga sana. Ulikuwa wa dawa ya pamba. Kila msimu dawa ilipokwisha, wenye mashamba waligawa ile mitungi, na watu waliipenda kwa sababu haivuji. Waliisugua kwa mchanga na majivu, wakainusa, wakaona inafaa. Mtungi mpya ndio ulioua. Baada ya kuoshwa wiki nyingi sumu ilikuwa inakwisha, ndiyo maana kufikia Agosti punje zilikuwa zimepungua. Yule mama alikuwa ameusugua mtungi ule mara tatu. Alituambia hivyo, mara tatu, kama kwamba tutamwambia labda ilikuwa mara ya nne iliyohitajika. Sitaandika zaidi kuhusu yeye.

Mitungi ilikusanywa na kutobolewa. Mzee Obiero alikwenda boma kwa boma mwenyewe, akasema barazani na kanisani mpaka watu wakamchoka. Mjane alirudishwa, ingawa sijui kama mtu hurudi kweli baada ya jambo lile. Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, tulikaa tena mezani na ungo wetu. Tulitafuta rundo la Juni na Julai hatukuliona.

Sasa sikieni kichekesho. Mwaka huo huo, ambao watu wa kijiji kile walipona, mstari wetu ofisini ulipanda. Ulipanda kwa sababu mimi nilikuwa nimeitupa raba chooni na nilipokea Sijui ya kila mtu. Manaibu wakaona Sijui inakubaliwa, wale wakweli wakaanza tena kusema ukweli. Bwana Asilimia alinipa barua ya onyo kwa "kuzorotesha mafanikio." Baadaye akapandishwa cheo na kupelekwa makao makuu kufundisha wengine. Sikushangaa. Kwenye mchoro wenu mwaka ule mmeupaka rangi nyekundu ya hatari, na ile miwili ya mauti mmeipaka kijani.

Nilimwomba kabla hajaondoka aniruhusu kufungua ile miaka miwili nirekebishe. Alisema mwaka ukishapitishwa wino umefungwa. Fomu zenyewe zilichomwa tulipohamia jengo jipya, maana chumba hakikutosha. Nilikuwa na watoto shuleni na niliogopa kufutwa kazi, nikanyamaza. Nilinyamaza miaka ya tisini yote. Hilo nalo liandikeni.

Na kwa kuwa mnapenda kulinganisha, niwaongezee moja. Miaka hiyo ya tisini safu ya Haijulikani ilijaa tena, na ninyi mmeiunganisha na ya themanini kwa mstari mmoja kana kwamba ni kitu kimoja. Siyo. Mzee Obiero alipoandika Sijui, alikuwa hajui. Miaka ya tisini vijana walirudishwa makwao kutoka mijini wakiwa mifupa mitupu, na naibu wa chifu alipoandika Sijui alikuwa anajua, familia inajua, kijiji kizima kinajua, na mimi najua. Ilikuwa Sijui ya aibu. Jina la safu lilikuwa lilelile na wino uleule, na ndani yake mlikuwa na mambo mawili yasiyojuana. Kompyuta haitawaambia hilo hata mkiinunulia kiti kinachozunguka.

Mzee Obiero alifariki akiwa mzee sana, usingizini. Naibu aliyemrithi aliandika "Uzee," na nilimwacha, maana hata mimi huchoka kugombana. Kabla ya hapo alikuwa ameniita, akanikabidhi vitabu vyake vya kaboni vikiwa vimefungwa ndani ya gazeti, akasema mimi ndiye nitakayejua pa kuvipeleka. Vimekaa chini ya kitanda changu miaka hii yote. Sikujua pa kuvipeleka. Nilijua, ila ningelazimika kueleza.

Mwenye kuwaletea barua hii anawaletea na hivyo vitabu. Kaboni imefifia, isomeni mchana, karibu na dirisha. Ondoeni alama zangu za malaria katika ile miaka miwili kila mahali Mzee alipoandika Sijui, na mstari wenu wa kijani utapanda, na mtaaibika mbele ya wakubwa wenu kama mnavyostahili. Vya manaibu wengine vimepotea, kwa hiyo hamtaweza kuwarudisha wote. Yule wa kuanza naye yuko kitabu cha mwisho, mwezi wa saba, ukurasa uliokunjwa pembe. Anaitwa Akoth, ana miaka sita. Kwenye buku langu amekufa kwa malaria, na hakuwa na homa.